Sayansi Mkekani: Jinsi Michezo ya Kadi Inavyomsaidia Mtoto Nyumbani

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi)



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo sana: vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka boksi la biskuti, vya kutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Vipande hivyo vikichorwa na kuchezwa vizuri, mtoto hujifunza sayansi bila maabara, bila umeme na bila simu. Vikichezwa vibaya, vinakuwa njia nyingine tu ya kukariri. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni ndogo, na kila mzazi anaweza kuielewa hata kama hakufika mbali shuleni.

Kwa nini suala hili ni la sasa

Katika mtaala wa umilisi, mtoto hukutana na somo la Sayansi na Teknolojia kuanzia Gredi ya 4, kisha Sayansi Jumuishi katika Gredi ya 7 hadi ya 9. Akimaliza Gredi ya 9 anaelekezwa kwenye mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya tathmini yake mwaka 2025. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 au 15 anatakiwa kujua kama sayansi ni yake au si yake.

Ukweli ni kwamba watoto wengi huwa wameshaamua kabla ya hapo. Mtoto anayesikia kila siku kwamba sayansi ni ngumu, kwamba ni ya wenye maabara, au kwamba si ya wasichana, hufika Gredi ya 9 akiwa amekwisha kufunga mlango. Mlango huo haufungwi na mwalimu peke yake. Nyumbani pia hufungwa, kwa maneno madogo madogo. Na nyumbani unaweza kufunguliwa.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Lakini mtoto ni yuleyule mmoja. Yule anayeimba na kuchezea udongo katika kituo cha chekechea leo, ndiye atakayechagua mkondo miaka kumi baadaye. Mazoea ya kuuliza na kujibu kwa sababu huanza akiwa bado anakaa mkekani na nyanya yake.

Mtu aliyeacha mapengo mezani

Kupanga kadi si mchezo wa watoto pekee. Mwaka 1869, mwalimu wa kemia katika mji wa St Petersburg nchini Urusi, Dmitri Mendeleev, alikuwa akiandika kitabu cha wanafunzi wake. Wakati huo zilijulikana elementi 63, yaani vile vitu vya asili kama chuma, dhahabu, kaboni na oksijeni ambavyo vitu vingine vyote vimeundwa kwavyo. Mendeleev alitaka kuzipanga zieleweke. Inasimuliwa kwamba aliandika kila elementi kwenye kadi yake, pamoja na uzito na tabia zake, kisha akawa anazipanga na kuzipangua kama mtu anayecheza karata peke yake.

Alipozipanga kwa uzito aliona kwamba tabia zinajirudia kwa zamu. Lakini mahali pengine mpangilio ulikataa. Mtu mwingine angelazimisha kadi ziingie. Mendeleev aliacha nafasi tupu, akasema kwamba pale pana elementi ambayo bado haijapatikana. Baadhi ya nafasi hizo alizieleza kabisa: elementi itakayopatikana itakuwa na uzito gani na tabia gani.

Mwaka 1875, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran alipata metali mpya, akaiita galiamu. Ilikaa vizuri katika mojawapo ya nafasi zile tupu. Lecoq alipopima uzito wake ukilinganishwa na maji, alipata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa na hata chembe ya metali hiyo, aliandika kwamba inafaa iwe karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha metali yake zaidi, akapima tena, akapata 5.9. Galiamu, kwa kuongezea, ni metali inayoyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 30. Katika mchana wa Kaskazi hapa Pwani ingegeuka maji yenyewe ndani ya kisahani.

Hapo pana mafunzo mawili kwa mzazi. La kwanza ni kwamba kupanga vitu kwa sababu ni kazi halisi ya sayansi. La pili ni kwamba Mendeleev hakuona haya kuacha pengo. Alisema "hapa bado", akaeleza kwa nini, na wengine wakaenda kutafuta. Michezo inayoelezwa hapa chini imejengwa juu ya mafunzo hayo mawili.

Kutengeneza kadi

Linalohitajika ni boksi la biskuti au la sabuni, makasi, kalamu na rula. Kadi ya karata ya kawaida inafaa kuwa kipimo: iwekwe juu ya boksi, izungushiwe kalamu, ikatwe. Makasi yashikwe na mtu mzima au mtoto mkubwa. Kadi zote ziwe sawa kwa ukubwa, na mgongo wa kila kadi uwe mtupu ili isijulikane kabla ya kufunuliwa.

Picha zinaweza kuchorwa na watoto wenyewe, au kukatwa kutoka kalenda na magazeti ya zamani na kubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Picha ya mtoto isidharauliwe. Mtoto anayechora panzi hulazimika kuhesabu miguu, na hilo tayari ni somo. Chini ya picha liandikwe jina kwa Kiswahili. Nyumba inayozungumza Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au lugha nyingine inaweza kuongeza jina hilo pia, kwa sababu mara nyingi mzee wa nyumba anajua mengi juu ya kiumbe kwa jina la lugha yake.

Kadi 30 za viumbe zinatosha kuanzia. Mfano wa seti inayofaa hapa Pwani ni huu: nguva, pomboo, popo, sange na mbuzi, kuku, kunguru, heroe, bundi na kipanga, kasa, mamba, kenge, nyoka na mjusi, papa, changu, tafi, mkunga na chura, nyuki, mchwa, panzi, kipepeo na mbu, buibui, kaa, kamba, pweza na konokono. Sange amewekwa makusudi. Yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu anaishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na watoto wengi wa kaunti hii hawajawahi kumsikia.

Mchezo wa kwanza: Niko kadi

Vijana wengi wanaujua mchezo wa kadi ambao mtu akikaribia kumaliza lazima atangaze "niko kadi". Mchezo huu wa viumbe unafuata njia hiyohiyo. Kila mchezaji anapewa kadi tano. Kadi moja inafunuliwa katikati na zilizobaki zinawekwa rundo. Anayecheza anaweka kadi yake juu ya ile iliyofunuliwa, kwa sharti moja: ataje kitu ambacho viumbe hao wawili wanashirikiana, na wenzake wakubali. Asiye na kadi ya kuweka anaokota moja kutoka kwenye rundo. Sababu iliyotumika haitumiki tena katika zamu inayofuata. Aliyebaki na kadi moja anasema "niko kadi", na akiiweka hiyo ya mwisho kwa sababu nzuri, ameshinda.

Chukua mfano. Katikati yupo mbuzi. Mtoto anaweka popo na kusema, "Wote wananyonyesha." Dada yake anaweka kunguru juu ya popo na kusema, "Wote wanaruka." Mjomba anaweka kasa juu ya kunguru: "Wote wanataga mayai." Mchezo unakwenda haraka, na kila kadi inayoshuka inamlazimisha mtu kuangalia mwili wa kiumbe, jinsi anavyoishi, anavyozaa na anavyopumua. Wanasayansi huwaweka viumbe katika makundi kwa kuangalia mambo kama hayo.

Ubishi utatokea, na ubishi ndio utamu wa mchezo. Mtoto anaweka pomboo juu ya papa na kusema, "Wote ni samaki." Babu mvuvi anakataa.

"Lakini babu, ana mapezi na anaishi majini."

"Mapezi anayo. Umewahi kumwona papa akipanda juu kuvuta pumzi? Pomboo hupanda, hupuliza, kisha hushuka. Na mtoto wake hunyonya."

Hapo babu ametoa ushahidi wa aina ile ile anayotaka mwalimu wa sayansi. Papa hupumua kwa matamvua, zile nyama nyekundu zilizo ndani ya mashavu ambazo mnunuzi sokoni huzifunua kuona kama samaki bado ni mbichi. Pomboo hupumua kwa mapafu, ana damu yenye joto na hunyonyesha, kwa hiyo ni mamalia kama mbuzi na binadamu. Nguva, ambaye siku hizi ni adimu sana katika bahari yetu ya Kenya na hula majani ya baharini, naye ni mamalia. Mtoto bado anaweza kumweka pomboo juu ya papa akisema "Wote wana mapezi", na hiyo ni sababu halali. Anajifunza kwamba kufanana kwa umbo hakutoshi kuwafanya ndugu.

Buibui ataleta ubishi mwingine. Wengi humwita mdudu. Mchezaji akimweka juu ya nyuki na kusema "Wote ni wadudu", wenzake wahesabu miguu: nyuki ana sita, buibui ana minane. Mwili wa nyuki una sehemu tatu, wa buibui una mbili. Kwa kawaida buibui hakosekani kwenye dari la nyumba, na hesabu inaweza kuhakikishwa palepale bila kumgusa.

Rundo la maswali

Kanuni ya pili ndiyo inayoutofautisha mchezo huu na wa kukariri. Ubishi ukikosa ushahidi, kadi hiyo haipewi mtu. Inawekwa pembeni kwenye rundo la maswali, na swali linaandikwa kwenye kikaratasi: Je, chura hupumua kwa mapafu au kwa ngozi? Je, konokono ana mifupa? Mwisho wa mchezo, maswali hayo yanagawanywa. Mengine yatajibiwa kwa kuangalia shambani au ufuoni, mengine kwa kumwuliza jirani mwenye ujuzi, na mengine mtoto ataenda nayo shuleni Jumatatu.

Wazazi wengi huogopa kucheza kwa sababu wanaogopa kuulizwa wasichokijua. Rundo la maswali linaondoa hofu hiyo. Mzazi hahitaji kuwa mwalimu. Anahitaji kuwa na ujasiri wa kusema, "Hili halijulikani hapa mkekani, liwekwe pembeni." Mtoto anayemwona mtu mzima akisema hivyo bila aibu anajifunza jambo ambalo vitabu hulisema kwa shida: kutojua ni mwanzo wa kazi. Lile pengo la Mendeleev lilikuwa ni rundo lake la maswali.

Swali la chura, kwa mfano, lina jibu zuri. Chura mkubwa hutumia vyote viwili, mapafu na ngozi yake yenye unyevu, na alipokuwa mdogo ndani ya maji alitumia matamvua. Mtoto atakayepewa jibu hilo na mwalimu baada ya kulisubiri siku mbili hatalisahau upesi.

Mchezo wa pili: Punje mia moja

Kadi zilezile zinaweza kufundisha jinsi viumbe wanavyolishana. Ziongezwe kadi chache: jua, mhindi, mkoko na binadamu. Kisha zihesabiwe punje 100 za mahindi.

Watoto wanapanga mnyororo: jua, mhindi, panzi, mjusi, kipanga. Kadi ya mhindi inapewa punje zote 100, kwa niaba ya nguvu ambayo mmea umeitengeneza kutokana na jua. Panzi anapoula mmea, hapati zote. Anapewa punje 10. Mjusi anayekula panzi anapewa 1. Kipanga anayekula mjusi anabaki na kipande: punje moja ivunjwe vipande kumi, apewe kimoja.

Mtoto atauliza zile nyingine zimekwenda wapi. Zimetumika katika kutembea, kupumua na kutoa joto, na sehemu nyingine haikuliwa kabisa. Wanasayansi hukadiria kwamba kwa wastani takriban sehemu moja kati ya kumi tu ndiyo hufika kwenye ngazi inayofuata. Kiasi hicho hubadilika kutoka mahali hadi mahali, lakini mchezo unaonyesha kwa macho kwa nini panzi ni wengi shambani na kipanga ni mmoja angani.

Kisha mnyororo ujengwe wa pwani: jua, mkoko, kaa, changu, mvuvi. Majani ya mkoko huanguka matopeni, kuvu na bakteria huyaozesha, kaa hula, changu hula kaa, na mvuvi huuza changu sokoni. Sasa mtoto mmoja aambiwe aondoe kadi ya mkoko pamoja na punje zake. Asubiriwe kimya aone kitakachobaki kwa mvuvi.

Wenye nyumba karibu na hori la Mida au Mtwapa wanaweza kuongeza kadi za mikoko yenyewe. Kenya ina aina tisa za mikoko, na wazee wa Pwani wana majina yake: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na mengineyo. Mkoko husimama juu ya mizizi kama mihimili na mbegu yake huanza kuota ingali mtini. Mchu huchomoza mizizi midogo kama penseli kutoka kwenye matope ili ipate hewa, na hutoa chumvi kupitia majani yake. Mtoto alambe jani la mchu siku moja kavu, atajua kwa ulimi wake kitabu kinasema nini.

Mchezo wa tatu: Familia tatu za mbu

Mchezo wa tatu unagusa afya ya nyumba. Kadi ni 15: familia tatu za mbu, kila familia kadi tano. Kadi hizo ni mbu mwenyewe, wakati anapouma, maji anayozalia, ugonjwa anaoeneza, na njia ya kumzuia.

Familia ya kwanza ni anofelesi. Huuma usiku, huzalia maji yaliyotulia yaliyo safi kiasi, hata yale yaliyojaa kwenye nyayo za ng'ombe, na hueneza malaria. Kinga yake kubwa ni neti yenye dawa. Akitua ukutani huinua mkia juu. Familia ya pili ni aedesi, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Huzalia katika pipa, mtungi, tairi na hata kifuu cha nazi kilichojaa mvua. Hueneza homa ya dengue na chikungunya, ugonjwa uliopewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, baada ya mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Kinga yake ni kufunika na kumwaga maji. Familia ya tatu ni kuleksi. Huuma usiku, huzalia katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo, na hapa Pwani ni mmoja wa wanaoeneza matende. Kinga yake ni kusafisha mitaro, kuziba mashimo ya choo na kulala ndani ya neti.

Kadi zinagawanywa, na kila mchezaji anatafuta kukamilisha familia. Kwa zamu anamwuliza mwenzake, "Una kadi ya mahali anapozalia aedesi?" Akiwa nayo anatoa. Asipokuwa nayo, zamu inahama. Anayekamilisha familia huiweka chini na kuieleza yote kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kuieleza, haihesabiwi.

Mchezo huu usiishie mkekani. Yai la mbu huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi huwa pupa, pupa huwa mbu, na katika joto la Pwani safari hiyo huweza kumalizika kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo nyumba inayomwaga na kusugua vyombo vyake vya maji kila wiki inaukata mzunguko kabla haujamalizika. Baada ya mchezo, watoto wazunguke uani wakitafuta viluwiluwi. Wakivipata, wavichote ndani ya chupa nyeupe na kuangalia. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Cha aedesi na cha kuleksi huning'inia kichwa chini. Wakishaangalia, maji yamwagwe juu ya mchanga mkavu.

Mtoto aliyegundua viluwiluwi ndani ya pipa la nyumbani kwao amefanya uchunguzi, amepata matokeo, na amechukua hatua inayomlinda mdogo wake asiugue. Hilo ni somo kamili la sayansi, na limefanyika kati ya alasiri na magharibi.

Maswali ambayo wazazi huuliza

Je, kadi si kamari? Hofu hii ina msingi, kwa sababu karata zimeharibu nyumba nyingi pale pesa zilipoingia. Kadi hizi hazina shupaza wala ree, na hakuna kinachowekwa dau. Hata punje za mahindi hurudi jikoni. Familia inayosita inaweza kuziita picha za viumbe, na mchezo hautapungukiwa na kitu. Kanuni moja ibaki wazi kwa watoto: hakuna pesa, hakuna mkopo, hakuna zawadi ya kununuliwa.

Mzazi asiyejua kusoma afanyeje? Picha zinamtosha. Mkulima, mfugaji, mvuvi na mama anayeuza samaki wana ujuzi wa viumbe ambao haupatikani kwa urahisi katika kitabu cha Gredi ya 5. Mtoto asome jina, mzazi atoe ushahidi. Hapo wote wawili wamefundishana.

Muda utoke wapi? Dakika 20 baada ya chakula cha jioni zinatosha, mara mbili kwa wiki. Mwanga wa taa ya sola au mbalamwezi unatosha. Mchezo ukichosha, uachwe. Mtoto akilazimishwa kucheza, kadi zitageuka kuwa kazi ya ziada na atazikimbia.

Je, wadogo na wakubwa wanaweza kucheza pamoja? Wanaweza. Mtoto wa chekechea apewe kazi ya kutaja rangi, kuhesabu miguu na kuonyesha anayeruka. Aliye junior sekondari atoe sababu ngumu zaidi na aandike rundo la maswali. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe punje wala vipande vidogo, kwani huvitia mdomoni.

Je, mtoto akikosea achapwe au achekwe? Hapana. Anayekosea huokota kadi moja zaidi, basi. Mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hawezi kufundishika. Hasa wasichana wapewe nafasi ya kubisha hadi mwisho wa hoja zao, kwa sababu katika nyumba nyingi ndio wanaoambiwa wanyamaze mapema.

Kazi inayobaki

Walimu wa chekechea na wa shule za karibu wanaombwa kuyapokea maswali ya watoto kutoka mkekani, hata kama hayamo katika somo la siku hiyo. Swali lililotoka nyumbani lina uzito wake, na mtoto aliyelibeba kutoka nyumbani hadi darasani anastahili jibu au njia ya kulitafuta. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza nao kuulizwa juu ya familia za mbu. Wanawafahamu vizuri.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni boksi moja tupu. Likatwe Jumamosi, watoto wachore kadi kumi tu kwa siku hiyo, na mchezo wa kwanza uchezwe jioni. Kadi nyingine zitaongezeka zenyewe, kwa kuwa mtoto aliyeanza kuchora viumbe huanza kuwaona kila mahali: juu ya mnazi, chini ya jiwe, ndani ya ndoo. Na jioni moja, mtoto atakapoweka kadi chini na kusema "niko kadi", asikilizwe sababu yake mpaka mwisho kabla ya kuambiwa ameshinda au ameshindwa.